Ridhaa ya mteja aliye mbali: "sawa" ya WhatsApp haitoshi

Mimi ni mshauri nasaha hapa Mombasa. Mwaka jana wakili aliniomba barua kuhusu mteja wangu aliye Saudia. Nikamwandikia yule dada kwenye namba iliyo kwenye faili, nikajibiwa, "Sawa, mpe." Nilikuwa nimeshaanza kuiandika barua nilipokumbuka kwamba laini ya Kenya aliiacha nyumbani. Aliyejibu alikuwa mumewe, na kesi yenyewe ilikuwa yao wawili.

Tangu siku hiyo, kila mteja mpya huchagua neno la siri tukiwa ana kwa ana, nami huliandika kwenye faili.

Ombi likija, namtumia mteja kwanza fomu ya ukurasa mmoja: natoa nini, kwa nani, kwa sababu gani, na ruhusa inaisha lini. Siandiki "faili lote". Naandika "barua ya mahudhurio, Januari hadi Machi". Namwachia siku nzima aisome.

Kisha napiga simu ya video. Naomba neno la siri, nauona uso na kitambulisho. Hapo ndipo pagumu: mfanyakazi wa nyumbani huenda bosi yuko chumba cha pili. Namwambia avae spika za masikioni, nauliza maswali ya ndiyo au hapana: uko peke yako? Kuna aliyekulazimisha? Nikisikia kigugumizi, naahirisha. Asiye na wasiwasi namwomba anieleze kwa maneno yake barua inakwenda wapi. Akishindwa, hajaelewa, hata kama ameshakubali.

Printa hana, na si lazima awe nayo. Anaandika kwa mkono jina, tarehe na anachokubali, anatia sahihi, anapiga picha na kunitumia. Asiyejua kuandika namrekodi sauti, baada ya kumwomba ruhusa. Kwa aliye chini ya miaka 18, mzazi au mlezi ndiye anayeridhia.

Simu ikiisha tu, naandika saa, namba na aliyoyasema. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019, kifungu cha 32, inanitwika mimi mzigo wa kuthibitisha kwamba ridhaa ilitolewa.

Kifungu hichohicho kinamruhusu mteja kuiondoa ridhaa yake wakati wowote. Nilishaletewa ujumbe usiku wa manane: "Dada, usipeleke tena." Nikamjibu kwamba barua ya kwanza ilishafika Jumanne, hiyo siwezi kuirudisha, ya pili nimeizuia.