Somo: Tasnifu yako inapita meza ngapi kabla ya Seneti?

Kila msimu wa mahafali ukikaribia napigiwa simu na mwanafunzi wa uzamili anayelalamika kwamba "kurugenzi imenikatalia." Nikichimba nakuta kurugenzi haijakataa kitu, faili halijafika huko. Limelala idarani, linasubiri kikao ambacho mwanafunzi hakujua kama kipo. Niliwahi kuwa mratibu wa uzamili wa idara kwa miaka kadhaa, basi nawaeleza njia hiyo kama inavyoonekana ukiwa upande wa pili wa meza. Mfano wangu ni vyuo vikuu vya umma vya Tanzania. Majina hutofautiana, huku ndaki (kitengo kinachokusanya idara kadhaa) na rasi, yaani mkuu wake, kule shule kuu na amidi, mkuu wake, ila mpangilio haupishani sana.

Shika hili kwanza: shahada yako inaidhinishwa na Seneti, nayo Seneti ni kikao cha wanataaluma chini ya uenyekiti wa Makamu Mkuu wa Chuo. Msimamizi hana mamlaka hayo, mkuu wa idara hana, na kurugenzi ya uzamili kazi yake kubwa ni kuandaa makabrasha na kutekeleza kilichoamuliwa. Baraza la Chuo linahangaika na fedha, ajira na majengo. Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, iliyoundwa kwa Sheria ya Vyuo Vikuu ya 2005, inaweka viwango vya nchi nzima: uzamili krediti zisizopungua 180, uzamivu 540, na krediti moja ni saa 10 za kazi ya mwanafunzi. Lakini TCU haitasoma tasnifu yako. Watakaoisoma ni walimu wa chuo chako na mtahini mmoja au wawili.

Hatua ya 1. Tafuta kanuni za uzamili na kalenda ya vikao. Kanuni zipo, omba kwa mratibu. Kalenda ndiyo watu wanaisahau. Kikao cha idara hufunga ajenda siku kadhaa kabla, cha ndaki kinasubiri muhtasari wa idara, na kamati ya Seneti inasubiri wa ndaki. Ukichelewa siku mbili chini, juu unaweza kuchelewa miezi miwili.

Hatua ya 2. Pendekezo la utafiti idarani. Utawasilisha mbele ya walimu na wenzako. Watakuuliza maswali ya kuudhi, na mengine hayahusiani na mada yako kabisa. Andika yote. Kikao kikikupitisha "kwa masharti", maana yake bado hujapita: rekebisha, msimamizi asaini, ndipo jina lako lipande.

Hatua ya 3. Kamati ya uzamili ya ndaki au shule kuu. Hapa wengi hawatoki kwenye fani yako. Wanatazama kama kichwa, malengo na mbinu vinazungumza lugha moja, na kama wasimamizi wana sifa na hawajazidiwa na wanafunzi. Muhtasari wa ukurasa mmoja unaoeleweka na mtu wa fani nyingine utakusaidia kuliko kurasa arobaini.

Hatua ya 4. Vibali. Usianze kukusanya data kabla pendekezo halijapita. Utafiti wa afya unataka kibali cha maadili, na ukienda Zanzibar wana utaratibu wao wa vibali. Yapitie haya mapema na msimamizi.

Hatua ya 5. Ripoti ya maendeleo. Fomu fupi, inachosha, ijaze. Siku utakapoomba kuongezewa muda, kitu cha kwanza kamati itakachofungua ni ripoti zako za nyuma. Asiye na ripoti anaonekana hakuwepo.

Hatua ya 6. Kusudio la kuwasilisha. Hapa nakaa kidogo, maana ndipo muda unapopotelea. Mara nyingi kanuni zinataka utoe taarifa kama miezi mitatu kabla ya kuwasilisha tasnifu. Wanafunzi huiona kama karatasi ya bure. Kumbe taarifa hiyo ndiyo inayoamsha idara kupendekeza watahini, na majina ya watahini nayo yanapanda ngazi zilezile: idara, ndaki, kamati ya Seneti. Wasifu wa mtahini wa nje unachunguzwa, maana hatakiwi awe ameshiriki kazi yako, na barua ya kumwomba haiendi mpaka aidhinishwe. Nilimwona kijana aliyemaliza kuandika mwezi wa tatu, akatoa taarifa siku aliyoleta nakala. Tasnifu ilikaa kabatini hadi mwezi wa saba kwa sababu haikuwa na wa kuisoma. Wenzake walivaa majoho, yeye akapiga nao picha kwa shati.

Hatua ya 7. Ripoti, utetezi, masahihisho. Watahini husema kazi ipite ilivyo, ipite na masahihisho, irudishwe iandikwe upya, au ishindwe. Wakipingana vikali, anaweza kutafutwa mwingine. Baada ya utetezi tengeneza jedwali: hoja ya mtahini, ulichofanya, ukurasa. Usipokubaliana na hoja, eleza sababu humohumo, inaruhusiwa. Aliyeteuliwa kuhakiki akisaini, matokeo yanapanda kwenda Seneti.

Maswali ya wanachama

*Shikamoo mwalimu. Msimamizi wangu hajajibu barua pepe miezi minne. Naweza kumwandikia Makamu Mkuu wa Chuo?*

Marahaba. Unaweza, lakini barua itashushwa na maandishi pembeni: "Mkuu wa idara, shughulikia," na hapo umeshaanza vibaya na mkuu wa idara. Mwandikie yeye, kupitia mratibu. Orodhesha tarehe ulizotuma kazi, bila matusi wala historia ya maisha. Omba msimamizi wa pili kabla ya kuomba kubadilishiwa, ombi hilo hupita kirahisi zaidi kwa kuwa halimuumbui mtu kwenye muhtasari.

*Mimi nipo Kenya. Je, ni hivihivi?*

Ngazi zinafanana, na Seneti ndiyo ya mwisho kitaaluma. Msimamizi wa viwango huko ni Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu, chini ya Sheria ya Vyuo Vikuu ya 2012. Viwango vyake vya 2014 vilitaka mwanafunzi wa uzamivu awe na makala mbili kwenye majarida yanayopitiwa na wataalamu, na wa uzamili moja. Kwa hiyo anza kuandika makala ukiwa bado unachambua data. Majarida nayo yana foleni zake.

*Idara inabadilisha mtaala wa programu yetu nami nipo mwaka wa kwanza. Nitarudia kozi?*

Kwa kawaida unamaliza kwa mtaala uliosajiliwa nao. Mtaala mpya unapita idara, ndaki na Seneti, kisha ithibati ya TCU, ndipo wanafunzi wapokelewe. Muulize mratibu kuhusu kifungu cha mpito. Akikujibu kwa mdomo, mwombe akuandikie.

*Wanafunzi tuna mwakilishi kwenye Seneti?*

Kwa kawaida mnao. Yanapoanza kujadiliwa matokeo ya mitihani anaombwa atoke nje. Mtafuteni kabla ya kikao.