Kijana wako ameshtakiwa kwa "genge" California? Soma hati ya mashtaka hivi

Kazi yangu ni kuandaa majalada ya utetezi. Wazazi hunijia wameshakata tamaa kwa sababu ya neno moja tu, genge. Neno hilo lazima lithibitishwe, tena kipande kwa kipande.

Hatua ya 1. Tafuta namba 186.22, kifungu cha sheria ya jinai ya California kuhusu magenge. Ikifuatwa na (a), ni kosa linalojitegemea la kushiriki kwenye genge, kifungo kisichozidi miaka 3. Ikifuatwa na (b), ni adhabu ya ziada juu ya kosa lenyewe: kwa kawaida miaka 2, 3 au 4, lakini 5 kosa likiwa kwenye orodha ya mazito, na 10 likiwa la ukatili.

Hatua ya 2. Chukua kalamu na kalenda, na hapa usiharakishe. Tangu 1 Januari 2022, sheria ya AB 333 inamtaka mwendesha mashtaka aonyeshe angalau makosa mawili ya nyuma ya watu wa genge hilo. La mwisho liwe limetokea ndani ya miaka 3 tangu lililolitangulia, na ndani ya miaka 3 kabla ya tukio la kijana wako. Tuseme tukio ni la Juni 2024, na yaliyotajwa ni ya Machi 2018 na Januari 2020. Kati ya hayo mawili haijafika miaka 2, sawa. Lakini kutoka Januari 2020 hadi Juni 2024 imepita 4. Mnyororo umekatika. Kosa analoshtakiwa sasa nalo halihesabiwi kati ya hayo mawili.

Hatua ya 3. Uliza genge lilinufaika nini. Kujijengea jina mtaani hakutoshi tena. Pesa, kisasi au kumnyamazisha shahidi ndivyo vyenye uzito. Na tangu hukumu ya Mahakama ya Juu ya California katika kesi ya Sanchez, 2016, polisi anayeitwa mtaalamu wa magenge haruhusiwi kusimulia mambo ya kesi aliyoyasikia kwa wengine kana kwamba ni ukweli.

Hatua ya 4. Mkumbushe wakili kifungu 1109 cha sheria hiyo ya jinai: juri, yaani raia wanaoamua kesi, iamue kosa lenyewe kwanza, suala la genge baadaye. Utetezi usipoomba, haifanyiki. Nimeona picha moja ya simu, vijana wanne wamekunja vidole kama ishara ya genge, ikiwafanya watu waache kumtazama mshtakiwa usoni.

Hatua ya 5. Asikubali makubaliano yoyote kabla ya kuuliza: "Je, hii itahesabika kama straiki?" Straiki ni hatia inayobaki kwenye rekodi na kuongeza adhabu ya makosa ya baadaye. Kukiri kifungu cha (b) hulifanya hata kosa kubwa la kawaida kuwa straiki, na akipatikana tena na kosa kubwa, kifungo chake huongezwa mara mbili.