Bolti ya ethi isiyoliwa na chumvi ya Tanga

Kwenye nyumba iliyokaa miaka michache jirani na bahari, tuseme Raskazone, fungua boksi la meni swichi utazame pale waya wa kijani wenye mstari wa njano, yaani waya wa ethi unaopeleka umeme uliovuja ardhini, unapoishia. Mara nyingi waya ni mzima na lagi, kile kichwa chenye tundu kinachobanwa kwenye ncha ya waya, ni nzima, ila bolti imevimba kutu na nati inazunguka kwa vidole. Taa zinawaka na friji linagandisha kama kawaida. Ethi mbovu haijulikani mpaka siku bodi la friji linaposhika umeme.

Kazi ya bolti ya ethi ni kubana. Umeme wenyewe unapita pale uso wa lagi unapogusana na uso wa bati la boksi au la mashine. Stenlesi huzuia umeme takriban mara 40 zaidi ya shaba nyekundu, na bado ni bolti nzuri sana ya ethi, maana haitegemewi kubeba umeme. Kwa hiyo washa, kile kisahani chenye tundu kinachovaliwa na bolti, haiwekwi kati ya lagi na bati hata siku moja. Kosa hilo limejaa mitaani, na kwa macho kazi inaonekana safi.

Sasa madini yenyewe. Zile bolti zinazong'aa kama fedha au njano dukani ni chuma kilichopakwa zinki nyembamba sana. Ndani ya nyumba kavu kule Korogwe zitadumu. Tanga mjini, ambako kusi na kaskazi zote zinaleta hewa ya baharini, zinki hiyo inakwisha haraka, tena haraka zaidi ikigusa lagi ya shaba: vyuma viwili tofauti vikilowa maji ya chumvi, zinki ndiyo inayoliwa. Zile za kijivu zisizong'aa, zilizochovywa kwenye zinki iliyoyeyushwa, zina koti nene na zinafaa kwa fremu za chuma za nje. Ila nati yake iwe ya aina hiyohiyo, maana nati ya kawaida haipiti juu ya koti hilo.

Kwa lagi za shaba ndani ya boksi, chukua brasi au stenlesi. Kwa stenlesi, soma daraja lililoandikwa kwenye kichwa cha bolti: A2-70 inatosha ndani, lakini nje karibu na maji tafuta A4, ambayo ina molibdeni ya kupambana na chumvi. Nenda dukani na sumaku. Brasi ikinasa sumaku, ni chuma kilichopakwa rangi ya brasi, irudishe. Stenlesi ya A2 na A4 hainasi au inanasa kidogo tu, kwa hiyo sumaku haiwezi kukutenganishia hizo mbili. Hapo ni maandishi ya kichwani pekee. Kwenye fremu ya alumini ya sola, lagi ya shaba tupu itaila alumini. Tumia lagi ya shaba iliyopakwa madini ya bati (tin), yenye rangi ya fedha, na bolti ya stenlesi.

Ukubwa unausoma kwenye lagi. Iliyoandikwa 16-8 ni ya waya wa milimita 16 za mraba na bolti ya M8, yaani yenye kipenyo cha milimita 8. Usitoboe tundu la lagi ili bolti kubwa ipite. Nyama inayobaki pembeni haitoshi kubanwa.

Meno ndiyo yanayowasumbua watu, hasa kwenye pampu na mashine kuukuu za Kiingereza ambazo bado zipo kwenye mashamba ya mkonge. Hizo ni za inchi. Bolti ya 5/16 ukiitia kwenye nati ya M8 inaingia mizunguko miwili mitatu kisha inakwama, na ukilazimisha meno yanakatika. Ya 3/8 ndani ya nati ya M10 ni hatari zaidi, kwa sababu inaingia yote huku ikichezacheza, ikishikiliwa na ncha za meno tu. Pima kwa rula urefu wa nafasi kumi za jino hadi jino: M6 ni milimita 10, M8 ni 12.5, M10 ni 15. Ukipata karibu 14.1, hiyo ni 5/16, karibu 15.9 ni 3/8.

Urefu ni hesabu ya kujumlisha. Kwa M8: lagi 2, bati 3, washa bapa mbili 3.2, springi washa 2, nati 6.5, na meno mawili ya kutokeza 2.5. Jumla ni milimita 19.2. Ya 20 inafika kwa shida. Nunua ya 25.

Kabla ya kugusa chochote, zima meni swichi na uhakikishe kwa testa kwamba hakuna umeme. Kwangua rangi kwa msasa mpaka chuma king'ae, eneo lizidi lagi kidogo pande zote. Panga hivi: kichwa cha bolti, washa bapa, bati, lagi, washa bapa, springi washa, nati. Stenlesi ipake grisi kidogo kwenye meno na ukaze polepole, kwani ikikazwa kavu kwa haraka inang'ang'ania na nati haitoki tena mpaka kwa msumeno. Kwa A2-70 iliyopakwa grisi, kaza M6 kwa takriban Nm 7 (nyutoni-mita, kipimo cha spana ya toki), M8 kwa 17, M10 kwa 33. Brasi ni laini, kwa hiyo mkono uwe mwepesi. Kisha paka grisi au rangi kuzunguka kingo za lagi, si chini yake.

Skrubu ya kujitobolea kwenye bati jembamba si ya ethi. Wala bolti inayoshikilia mfuniko au mguu wa mashine: siku fundi mwingine atakapofungua mfuniko, ethi nayo imekwenda.

Kwenye fimbo ya ethi ardhini usipeleke bolti za M. Fimbo nyingi za 5/8 zenye koti la shaba huungwa kwa meno ya inchi, na kibano chake kiwe cha brasi au bronzi pamoja na bolti yake.

Mwisho, kwa mita ya kupimia omu, pima kutoka lagi hadi bodi la chuma. Gusanisha kwanza nyaya za mita zenyewe, soma namba, uitoe kwenye kipimo. Kinachobaki kisizidi omu 0.1. Kisha chora mstari wa rangi kutoka nati hadi kwenye bati. Ukirudi baada ya miezi sita ukakuta mstari umekatika, nati imezunguka: fungua, safisha, funga na springi washa mpya.