Huzuni, hofu au ugonjwa? Anza kwa kuhesabu siku

Ukimfikisha ndugu yako kliniki ya afya ya akili, utaulizwa: "Hali hii imeanza lini?" Wengi hujibu "kitambo," na hapo daktari hajapata kitu, maana magonjwa haya hutofautishwa sana kwa muda. Kabla ya kutafuta nauli, tafuta daftari.

Kila jioni andika alilala na kuamka saa ngapi, amekula nini, kazi zipi za kawaida zimemshinda, na neno au kitendo kilichokushtua. Usiandike "amechanganyikiwa." Andika: "Alikesha hadi saa kumi alfajiri, akazima redio akisema inamtaja jina."

Sonona ni huzuni, au kukosa hamu hata ya alivyovipenda, karibu kila siku kwa wiki mbili au zaidi, pamoja na uchovu, kujilaumu, hamu ya chakula kubadilika na usingizi kuharibika. Wengine huamka saa tisa usiku na usingizi usirudi. Inapotea machoni pa watu kwa sababu mgonjwa haji akisema ana huzuni. Husema kichwa kinagonga, mwili unawaka moto, "nina mawazo." Anapimwa malaria mara tatu, majibu safi, anarudishwa na panado. Kwa wanaume huweza kujitokeza kama hasira na pombe. Mama aliyejifungua akilialia siku za mwanzo ni kawaida; yakipita wiki mbili, apelekwe. Akisikia sauti au akisema mtoto si wake, usihesabu siku: mpeleke leo.

Wasiwasi wa kupindukia huhesabiwa kwa miezi, kwa kawaida sita. Hofu ya ghafla ni nyingine: moyo unadunda, pumzi inabana, mtu anaona anakufa, na kilele hufika ndani ya dakika kumi hivi. Mara ya kwanza apimwe moyo, asiambiwe tu kwamba ni hofu.

Baipola, ugonjwa wa hisia kushuka sana kisha kupanda sana, ndiyo yenye mtego. Baada ya miezi ya kujifungia chumbani, mtu analala kwa muda wa saa mbili tu bila kuchoka, anaongea bila kituo, anagawa pesa, anataka kuuza shamba. Nyumbani wanashangilia kwamba amepona. Hali hiyo ikifika wiki, ni ugonjwa uleule umegeuka, na daktari asipoijua akatoa dawa ya sonona peke yake, inaweza kumpandisha zaidi.

Skizofrenia huleta sauti zisizosikiwa na wengine na imani zisizotikisika kwa mwezi au zaidi, na mara nyingi hutanguliwa na kujitenga na kuacha kuoga. Usibishane na sauti, wala usizikubali. Sema: "Mimi siisikii, ila naona inakutisha." Dua na maombi havizuii matibabu, minyororo na kunyimwa dawa ndivyo vinavyoharibu.

Mtu aliyevurugika ndani ya saa au siku chache, ana homa, hajui mchana wala usiku, huyo ni wa chumba cha dharura: huenda ni malaria kali, sukari kushuka, au kuacha pombe ghafla.

Dawa za sonona huchukua wiki mbili hadi nne kuanza kuonekana, nao wengi huziacha siku ya tano. Haloperidoli, dawa ya kutuliza sauti na imani zile za skizofrenia, inaweza kukaza shingo au kuvuta macho juu siku za mwanzo. Rudini hospitali siku hiyohiyo. Ipo dawa ya kulegeza. Akipata nafuu asiache ghafla.

Akisema amechoka kuishi, muulize wazi kama anafikiria kujiua. Swali halimpandikizii wazo. Asibaki peke yake. Ondoa sumu ya panya, dawa za shamba na kamba, kisha mpeleke hospitali. Vidonge vyake kaa navyo wewe umpe vya siku moja moja, kwani amitriptilini, moja ya dawa za sonona, ya mwezi mzima ikimezwa kwa mpigo huua.