Anjaina na Lishe ya Moyo: Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kubadili Mlo

Anjaina ni maumivu au mbano wa kifua unaotokea pale msuli wa moyo unapokosa damu ya kutosha, mara nyingi kwa sababu mishipa inayoulisha imekuwa myembamba kutokana na lehemu kujijenga kwenye kuta zake. Wengi wakishaambiwa wanayo, swali la kwanza ni wale nini. Ni swali zuri, ila yapo yanayolitangulia.

La kwanza ni kuijua hali yako yenyewe. Anjaina iliyo tulivu huja kwa mazoea: ukipanda ngazi, ukikasirika, ukipigwa na baridi au ukishiba kupita kiasi, kisha hupoa ndani ya dakika chache ukipumzika. Andika daftarini maumivu yalianza ukifanya nini na yalidumu kwa muda gani, kwa kuwa daktari atayauliza hayo kabla ya mengine. Maumivu yakija ukiwa umetulia, yakizidi kuliko ulivyozoea, au yasipopoa dakika 5 baada ya kutumia dawa ya kuweka chini ya ulimi, hiyo ni dharura, na hakuna chakula kinachoitibu. Wanawake na wenye kisukari wakati mwingine hawaumwi kifua kabisa, bali huishiwa pumzi, huchoka ghafla au husikia kichefuchefu.

La pili, ambalo kwa maoni yangu ndilo linalosahauliwa zaidi, ni kulinganisha mlo mpya na dawa unazotumia. Balungi huongeza kiwango cha baadhi ya statini (dawa za kupunguza lehemu) mwilini, hasa simvastatini. Anayetumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, hakatazwi mboga za majani, lakini azile kwa kiasi kisichobadilikabadilika, kwani vitamini K iliyomo hupunguza nguvu ya dawa hiyo. Chumvi mbadala, ambazo husifiwa mno, nyingi zimejaa potasiamu, na zinaweza kumdhuru mwenye ugonjwa wa figo au anayetumia baadhi ya dawa za shinikizo la damu. Peleka orodha ya dawa zako zote kwa daktari au mfamasia kabla hujabadili chochote, pamoja na virutubisho na dawa za mitishamba.

Hapo ndipo jikoni panapofikiwa. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani takribani kijiko kimoja cha chai, na sehemu kubwa ya chumvi hiyo huenda imo tayari katika vyakula vya viwandani. Lebo ikitaja sodiamu pekee, zidisha kwa 2.5 upate chumvi: gramu 0.8 za sodiamu ni gramu 2 za chumvi. Punguza mafuta yanayotokana na nyama nono na siagi, tumia ya mimea yasiyoganda, na upe nafasi kubwa nafaka zisizokobolewa, kunde, samaki, na angalau gramu 400 za matunda na mboga kwa siku.

Kiasi cha chakula nacho kina uzito wake. Mlo mkubwa hulazimisha moyo kupeleka damu nyingi tumboni, kwa hiyo afadhali kula kidogo mara kadhaa, na kuahirisha kazi nzito au matembezi ya haraka hadi chakula kitulie.