Linux inapogoma kuzima kwa sababu ya folda ya mtandao

Umeamuru kompyuta izime. Skrini imekuwa nyeusi, umebaki mstari mmoja tu:

```
A stop job is running for /mnt/kazi (41s / 1min 30s)
```

Sekunde 90 zinaisha, wakati mwingine inaanza kuhesabu upya, na mkono unakwenda kwenye kitufe cha kuwashia. Uzuie kwanza. Huenda kuna data iliyo kwenye RAM ambayo bado haijafika kwenye seva, na ukikata umeme hapo imepotea.

Karibu kila mara chanzo ni mpangilio: mtandao umeondoka kabla ya folda kupachuliwa (unmount). systemd, programu inayowasha na kuzima huduma za Linux, huzima vitu kwa kurudi nyuma ule mpangilio iliowashia. Folda ya NFS (njia ya kutumia folda iliyo kwenye seva) ilipachikwa baada ya mtandao kuwa tayari, hivyo inapaswa kupachuliwa mtandao ukiwa bado hai. Mpangilio huo ukivurugika, kerneli (kiini cha Linux) inajaribu kuipelekea data seva isiyofikika tena. Na NFS, usipoiambia vinginevyo, hupachikwa kwa `hard`, yaani hujaribu bila kukata tamaa. `timeo` yake ya kawaida (muda wa kungoja jibu) kwenye TCP ni 600, kipimo kikiwa sehemu ya kumi ya sekunde, kwa hiyo inangoja sekunde 60 kabla ya kurudia ombi. Ndiyo maana sekunde 90 za systemd huisha kerneli ikiwa bado inang'ang'ana.

Mifano yangu hapa ni folda `/mnt/kazi` kutoka seva `192.168.1.20`. Weka majina yako.

Hatua ya 1: Pata ushahidi

Usibadilishe chochote kabla ya kusoma kumbukumbu za mara ya mwisho kompyuta ilipozimwa:

```
sudo journalctl -b -1 -o short-precise | grep -Ei 'mnt|nfs|cifs|wpa|NetworkManager'
```

Ukiambiwa hakuna kumbukumbu za nyuma, mfumo wako unazitunza kwenye RAM tu. Tengeneza folda ya kuzihifadhi, kisha zima na uwashe upya ili tatizo lijirudie:

```
sudo mkdir -p /var/log/journal
sudo systemctl restart systemd-journald
```

Angalia kipi kimetangulia. Kama NetworkManager (msimamizi wa mtandao) au wpa_supplicant (ya Wi-Fi) imesimamishwa kabla ya `Unmounting /mnt/kazi`, mgonjwa umempata. Mara nyingi utaona pia `nfs: server 192.168.1.20 not responding, still trying`. Lakini ukiona `target is busy` wakati mtandao bado upo, ruka hadi hatua ya 4.

Hatua ya 2: Jua systemd inaionaje folda yako

```
findmnt -t nfs,nfs4,cifs,fuse.sshfs
systemctl show -p After mnt-kazi.mount
```

Usitumie `df` kwa kazi hii. Inaiuliza kila seva imebakiwa na nafasi kiasi gani, na seva isipojibu terminali yako nayo inaganda.

`mnt-kazi.mount` ni jina ambalo systemd huipa `/mnt/kazi`. Kwenye jibu la amri ya pili tafuta `remote-fs-pre.target` na `network.target`. Ukikuta `local-fs-pre.target` badala yake, systemd inadhani hiyo ni diski ya ndani, na haitajali mtandao uko wapi wakati wa kuzima. NFS na CIFS (folda za mtindo wa Windows) hutambuliwa kwa aina yake. Wanaoumia ni wenye ext4 juu ya iSCSI (diski inayofikiwa kwa mtandao) na baadhi ya mifumo ya FUSE (mifumo ya faili inayoendeshwa na programu za kawaida), na dawa yao ni `_netdev`, chaguo linaloiambia systemd kwamba folda inategemea mtandao. Mimi huiandika hata kwenye NFS, maana haina madhara na anayekuja kusoma fstab (faili `/etc/fstab`, orodha ya vya kupachikwa) baadaye anaelewa mara moja.

Hatua ya 3: Rekebisha fstab

```
192.168.1.20:/data/kazi  /mnt/kazi  nfs4  _netdev,x-systemd.automount,x-systemd.idle-timeout=5min  0  0
```

Kwa `x-systemd.automount` folda inapachikwa pale tu mtu anapoifungua, na baada ya dakika 5 bila kuguswa inapachuliwa yenyewe. Mara nyingi basi, ukifika wakati wa kuzima hakuna kilichobaki cha kupachua. Kwa kompyuta za ofisini ningechagua hii kabla ya nyingine zote.

```
sudo umount /mnt/kazi
sudo systemctl daemon-reload
sudo systemctl start mnt-kazi.automount
ls /mnt/kazi
```

Kama seva unaifikia kupitia WireGuard (aina ya VPN), ongeza `x-systemd.requires=wg-quick@wg0.service` kwenye machaguo hayo. Bila hiyo systemd haijui kwamba folda inategemea njia ile, na inaweza kuifunga mapema.

Utakutana na watu wanaoshauri `soft`. Kwenye folda ambayo watu wanaandika, kataa. Kwa `soft`, NFS ikichoka kujaribu inarudisha kosa kwa programu, na programu isiyokagua kosa hilo itaendelea kana kwamba faili limehifadhiwa. Kungoja dakika moja na nusu ni nafuu kuliko hesabu za mwezi zilizoandikwa nusu. Folda ya kusoma tu, hapo sina neno.

Wenye Wi-Fi, someni hapa

Kwa laptopu, fstab nzuri haitoshi. Muunganisho wa Wi-Fi unaweza kuwa mali ya mtumiaji mmoja, na akishatoka kwenye akaunti yake mtandao nao unakatika, kabla systemd haijaanza kupachua. Kagua:

```
nmcli -f connection.permissions,802-11-wireless-security.psk-flags connection show "Ofisi"
```

Ukiona jina la mtumiaji kwenye `permissions`, au `psk-flags` ni 1 (nywila inatunzwa na mtumiaji), ufanye muunganisho kuwa wa mfumo mzima na uiweke nywila upya:

```
sudo nmcli connection modify "Ofisi" connection.permissions "" wifi-sec.psk-flags 0 wifi-sec.psk 'nywila-yako'
```

Kisha endesha `systemctl show -p Before wpa_supplicant`. Lazima `network.target` iwemo. Isipokuwemo, fungua `sudo systemctl edit wpa_supplicant` na uandike:

```
[Unit]
Before=network.target
```

Kwa kuwa kuzima ni kinyume cha kuwasha, mstari huo unailazimisha wpa_supplicant ingoje folda ziondoke kwanza.

Hatua ya 4: Nani ameishikilia folda?

```
sudo fuser -vm /mnt/kazi
```

Endesha hii kompyuta ikiwa hai na seva inajibu. Kama ni huduma yako mwenyewe, tuseme programu ya nakala rudufu, ifungue kwa `systemctl edit` na kwenye `[Unit]` uweke `RequiresMountsFor=/mnt/kazi`. Itasimamishwa kabla folda haijapachuliwa.

Ikiwa bado inaganda

Fungua mlango wa dharura kabla ya kuzima:

```
sudo systemctl start debug-shell
```

Zima. Ikikwama, bonyeza Ctrl+Alt+F9, andika `systemctl list-jobs` uone inasubiri nini, kisha `umount -f -l /mnt/kazi`. Terminali hiyo ni ya root na haiulizi nywila. Ndiyo maana tumetumia `start` na si `enable`: kompyuta ikiwaka tena, mlango umefungwa.

Kupunguza `DefaultTimeoutStopSec` (zile sekunde 90 za systemd) kunaondoa kero bila kuondoa tatizo, na kunazigusa huduma zote, hata hifadhidata inayohitaji muda wa kufunga mafaili yake. Sipendekezi.

Umeme ukikatika

Kosa hili nimeliona ofisi nyingi na halimo kwenye kompyuta inayoganda. Seva na kompyuta za wafanyakazi ziko kwenye UPS (betri ya akiba) moja inayosimamiwa na NUT, programu inayoziamuru kompyuta zizime betri ikiisha. Betri inapokaribia kuisha, seva inazingoja kompyuta nyingine zikate mawasiliano ya NUT nayo, kwa kawaida hadi sekunde 15 za `HOSTSYNC`. Lakini kompyuta ya mfanyakazi hukata mawasiliano ya NUT ikiwa ndiyo kwanza imeamriwa kuzima, huku folda bado imepachikwa. Seva inaongeza sekunde 5 za `FINALDELAY` na kujizima. Kuanzia hapo hakuna wa kupokea data.

Kwenye seva, ndani ya `upsmon.conf`:

```
FINALDELAY 60
```

Hakikisha betri ina uwezo wa kubeba hiyo dakika ya ziada. Halafu, saa za kazi zikiisha na wote wamehifadhi kazi zao, endesha `upsmon -c fsd` kwenye seva. Amri hii inazima kila kitu kama vile betri imeisha kweli, kwa hiyo watangazie walio jirani. Vyombo vikiwaka, rudi kwenye kompyuta ya mfanyakazi na amri ya hatua ya 1. `Unmounted /mnt/kazi` ikitangulia kusimamishwa kwa NetworkManager, na ile `not responding` isipoonekana, nenda kwenye kompyuta inayofuata.