Niite kabla ya lipu: kupanga umeme wa nyumba mpya Mwanza

Simu nyingi ninazopigiwa huanza hivi: "Fundi, nyumba imeshapigwa lipu, njoo utuwekee umeme." Hapo hela imeshapotea. Nitachonga ukuta uliolipia juzi, halafu utamwita yuleyule wa lipu aje azibe mifereji yangu, na hatakuja bure. Mimi nafunga umeme Mwanza, zaidi Buhongwa, Mkolani na Luchelele. Niite kuta zikifika kwenye lenta, ule mkanda wa zege juu ya milango na madirisha. Kama ni ghorofa, niite kabla zege ya slabu haijamwagwa.

Siku hiyo sibebi waya, nabeba chaki. Tunaingia chumba kwa chumba, na awepo atakayekaa humo, si anayelipa tu. Kuna baba mmoja alinionyesha soketi ya jikoni, moja, karibu na sinki. Mkewe alipofika akauliza, "Sasa friza langu la samaki nitalichomeka wapi, fundi?" Tukafuta, tukachora tatu, mbali na maji. Tazameni pia mlango unafungukia upande gani. Swichi iliyojificha nyuma ya mlango utaipapasa gizani miaka yote.

Mkimaliza kuchora, hesabuni pointi, yaani kila taa, soketi na kifaa chenye waya wake. Nyumba ya kawaida ya vyumba vitatu hunitokea hivi: taa 13 (vyumbani 3, sebuleni 2, jikoni 1, korido 1, vyooni 2, nje 4), soketi 13 (kila chumba 2, sebule 4, jiko 3), hita ya kuogea na jiko la umeme. Taa nazigawa kwenye breka mbili (vile vidude vya kukata umeme ukizidi), soketi nazo kwenye breka mbili, hita na yake, jiko na yake. Hizo sita. Nunua boksi la breka la nafasi nane, kwa sababu pampu ya kisima haikosi kuja. Mafundi wengi tunatoza kwa pointi, kwa hiyo ukiwa na hesabu hii unaweza kulinganisha bei za mafundi watatu. "Nyumba nzima shilingi ngapi?" ni swali linalomfaidi fundi.

Waya za taa ni milimita za mraba 1.5, za soketi 2.5. Hita ya papo kwa papo ya wati 5,500, ukigawa kwa volti 230, inavuta karibu ampea 24. Usiiunge kwenye waya wa soketi. Ipe wa 4 na breka yake. Jiko lenye oveni lipe wa 6.

Kununua, nunua kwa awamu. Mabomba ya kupitishia nyaya na maboksi ya ukutani sasa hivi, nyaya baada ya kuezeka na kupiga lipu, swichi na taa baada ya rangi. Nyumba isiyo na milango, nyaya hazilali humo. Dukani kwangua ncha ya waya kwa kisu: ukiona weupe chini ya wekundu, hiyo ni aluminiamu iliyopakwa shaba. Na rola lililoandikwa mita 100 lipime. Mimi niliwahi kuuziwa la mita 86, nikagundua nikiwa juu ya dari, bomba la mwisho limebaki tupu. Kabla ya lipu piga picha kila ukuta, mabomba yakionekana. Siku ya kupigilia msumari wa kabati utazitafuta.

Nguzo je? Pima kwa kamba kutoka nguzo ya karibu hadi nyumba yako kabla hujapanga bajeti. Ikizidi mita 30 utahitaji nguzo ya ziada, na gharama ya kuunganishwa inapanda. Nimeona nyumba imekamilika hadi mapazia, kumbe nguzo iko bondeni kule. Hakikisha pia anayekufungia ana leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, maana TANESCO wataitaka sahihi yake kwenye fomu.

Sasa athi, ule waya wa kupeleka ardhini umeme unaovuja. Hapa ndipo watu wa Mwanza tunapokatia bajeti, na ndipo pasipokatwa. Milima yetu ni mawe. Nilipiga athi rodi, ile fimbo ya chuma ya kupigilia ardhini, kwenye kiwanja kimoja cha mlimani Luchelele, ikazama urefu wa mkono, kisha ikalia kama kengele. Fundi mvivu hukata kipande kilichobaki, akafukia, akaondoka. Juu ya ardhi hutaona tofauti. Mimi nilisogea chini ya kiwanja, penye udongo mweusi karibu na migomba, nikachimba mtaro, nikalaza waya mtupu wa shaba na kufukia kwa udongo laini. Mtaro huo ulinila siku nzima, pamoja na waya wa ziada wa kurudi hadi kwenye boksi. Uandike kwenye bajeti tangu mwanzo. Wengine humwaga chumvi shimoni: inasaidia kwa muda, mvua inaisafisha, na shaba inaliwa.

Ongeza na breka inayohisi umeme unaovuja, ile ya miliampea 30. Kwenye mwamba, ambako athi haiwi nzuri sana hata ujitahidi vipi, hiyo ndiyo inayokata umeme kabla haujamnasa mtoto aliyeshika friji. Radi za huku ziwani ni jambo jingine, zina kinga yake ya kwenye boksi. Ulizia bei yake siku hiyohiyo.

Mwisho fundi alete kipimo cha athi, akuonyeshe namba ikisoma. Asipokuwa nacho, baki na salio lake mfukoni mpaka akiazime.